Amplifaya ya Gitaa ya Valvu Yenye Geini Kubwa: Vidhibiti vya Sauti Vikae Wapi?

Msomaji mmoja wa Moshi, anayepiga gitaa kanisani Jumapili na kwenye kikundi cha roki siku nyingine, ameuliza hivi: “Shikamoo, fundi. Nimechora mpango wa kujijengea amplifaya ya gitaa ya wati 50, yenye valvu mbili za EL34 na hatua nne za 12AX7 zinazofuatana ili nipate distosheni nzito. Mwishoni nimeweka seti mbili za besi, midi na trebo, moja baada ya nyingine, kwa sababu nataka chombo kimoja kinitoshe kwa sauti safi ya kwaya na kwa roki pia. Binamu yangu ameniletea transfoma ya umeme kutoka Marekani, ya volti 120. Je, mpango huu utafanya kazi, na umeme wetu wa huku utaufaa?”

Marahaba, kijana wangu. Mchoro wako nimeupitia hapa Arusha kwa utulivu, na sehemu ya nguvu, yaani zile EL34 mbili (valvu, mirija ya kioo inayokuza ishara, za kusukuma spika) na hatua inayozigawia ishara, sina ugomvi nayo. Tatizo liko kabla ya hapo. Umeongeza idadi ya vidhibiti bila kujiuliza kila kimoja kinakaa upande gani wa distosheni (ukali unaozaliwa wimbi la sauti likikatwa kichwa), na katika amplifaya ya geini kubwa, yaani ukuzaji mkubwa, hilo ndilo linaloamua kama sauti itakutii au itakushinda. Besi iliyopunguzwa kabla ya distosheni na besi iliyopunguzwa baada yake hutoa matokeo mawili tofauti kabisa, hata kama umetumia volyumu (rezista ya kuzungusha) ileile na kapasita ileile.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha distosheni inazaliwa wapi. Valvu ndogo ya 12AX7 ina vikuzaji viwili ndani yake, na kila kimoja ni hatua moja. Nusu moja ya 12AX7, yenye rezista ya kilo-omu 100 kwenye anodi (inakotokea ishara iliyokuzwa) na ya kilo-omu 1.5 kwenye kathodi (inayotoa elektroni) pamoja na kapasita kubwa sambamba nayo, hukuza ishara takribani mara 60. Tuseme gitaa lako linatoa volti 0.1: hatua ya kwanza itaifikisha volti 6. Gridi (mlango wa ishara) ya hatua ya pili, kwa upande wake, ina nafasi ya volti 1.5 hivi tu kabla wimbi halijaanza kukatwa kichwa. Ukiunganisha hatua hizi bila kupunguza chochote katikati, ya pili inapokea mara nne ya kile inachoweza kukipitisha kikiwa kizima, na kwa hesabu ya karatasini hatua tatu zingekuza mara 216,000, jambo lisilowezekana kwa valvu inayolishwa volti 300. Kinachotokea ni kwamba gridi zinaanza kuvuta mkondo, kapasita za kuunganishia hatua zinajaa chaji, na kila ukipiga uzi kwa nguvu sauti inajikaba kwa kitambo kabla ya kurudi. Wengi hudhani valvu imekufa, wakati valvu haina kosa lolote.

Mkulima wa mteremko wa Kilimanjaro huyadhibiti maji pale mfongo, yaani mfereji wa maji, unapochepuka, hasubiri yafike kwenye migomba ndipo aanze kujenga tuta. Nawe weka kipunguzio baada ya kila hatua kuanzia ya pili. Rezista mbili za kilo-omu 470 zikipangwa mfululizo, ishara ikachukuliwa katikati yake, hubakiza nusu. Baada ya hatua ya kwanza kipunguzio ni volyumu ya geini yenyewe. Kwa njia hiyo kila hatua inakata wimbi kidogo, na mkusanyiko wa mikato hiyo midogo husikika laini na mnene kuliko mkato mmoja mkubwa unaofanywa na hatua ya mwisho peke yake.

Mojawapo ya hatua hizo ifanye kuwa “baridi”, yaani ipewe rezista kubwa ya kathodi isiyo na kapasita, ili wimbi likatwe upande mmoja zaidi ya mwingine. Amplifaya ya Marshall 2203, iliyotoka mwaka 1975, ilitumia kilo-omu 10 mahali hapo. Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 ilikwenda mbali zaidi, kilo-omu 39, na sehemu kubwa ya ukali wa amplifaya zilizofuata inatokana na rezista hiyo moja isiyo na thamani kubwa dukani. Kwako ningeanza na kilo-omu 10 kwenye hatua ya tatu. Ukiona distosheni bado ni ya upole, panda.

Sasa besi. Uzi wa sita wa gitaa, E ya chini, una masafa ya hezi 82, na ndio unaotikisika kwa upana mkubwa kuliko nyuzi zote. Ukiingia kwenye hatua inayokata wimbi, wenyewe ndio unaoamua lini likatwe, na sauti za nyuzi nyembamba zilizopanda juu yake hukatwa pamoja nao. Zaidi ya hayo, distosheni huzaa sauti mpya ambazo gitaa halikuzipiga, zikiwemo tofauti za masafa. Piga E ya hezi 82 pamoja na B ya hezi 123: tofauti yake ni hezi 41, ambayo ni E ya oktevu moja chini, kwa hiyo inaingia vizuri na kuufanya mlio uwe mzito. Hiyo ndiyo sababu wapiga roki hupenda kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za noti mbili. Lakini piga E na G kali ya hezi 104, na tofauti inakuwa hezi 21 au 22, mvumo usio na noti inayoeleweka. Kodi kamili ya dansi, yenye noti nne au tano, huzaa mivumo ya namna hiyo kwa wingi, na ndiyo maana magitaa ya solo na rithimu katika bendi zetu yamezoea sauti safi.

Dawa yake ni kupunguza besi kabla ya distosheni, kisha kuirudisha baadaye wimbi likiwa limekwisha kukatwa. Kuna sehemu mbili rahisi za kufanyia hivyo. Ya kwanza ni kapasita ya kathodi: mikrofaradi 22 hukuza masafa yote ya gitaa kwa usawa, ilhali mikrofaradi 0.68 sambamba na rezista ya kilo-omu 2.7 huanza kuacha nyuma sauti zilizo chini ya hezi 200 hivi. Ya pili ni kapasita ya kuunganishia hatua ya kwanza na ya pili. Ukiwa na volyumu ya geini ya kilo-omu 470, kapasita ya nanofaradi 2.2 hukata kuanzia takribani hezi 154 kwenda chini, na ukiiongezea ya nanofaradi 22 sambamba, mkato unashuka hadi karibu hezi 14, yaani chini ya kila kitu ambacho gitaa linaweza kutoa. Hapo basi pachike swichi ndogo: ile ya 2.2 ibaki imeunganishwa daima, na ya 22 iingizwe kwa swichi, huku rezista ya mega-omu 10 ikiwa sambamba na miguu ya swichi ili kapasita isikae bila chaji na kutoa kishindo kwenye spika kila unapobadili. Swichi hiyo moja itakupa uhuru zaidi kuliko ile seti yako ya pili yote.

Ukitaka kuona fikra hii ikiwa imekomaa, tazama amplifaya za Mark za Mesa/Boogie, kampuni iliyoanzishwa na Randall Smith huko California. Ndani yake besi, midi na trebo hukaa mapema, kabla ya hatua za distosheni, na mwishoni nyingi zina ekwalaiza ya vitelezi vitano: hezi 80, 240, 750, 2,200 na 6,600. Mtu asiyejua hupandisha besi hadi nusu kama alivyozoea, akapata uji. Anayezijua huishusha karibu na sifuri, halafu anaurudisha uzito kwa kitelezi cha hezi 80. Marshall na Soldano walichagua kinyume, vidhibiti vyote vitatu vikakaa baada ya distosheni, na besi ya mwanzo ikakatwa kwa kapasita zisizobadilika zilizofichwa ndani. Njia zote mbili ni halali. Kwako nimechagua ya pili, pamoja na ile swichi, kwa kuwa si rahisi kuharibu sauti kwa bahati mbaya katikati ya ibada.

Hii inatufikisha kwenye seti zako mbili zinazofuatana. Seti ya besi, midi na trebo ya aina hii haikuzi kitu. Hupunguza tu, na hata volyumu zote zikiwa katikati inachimba shimo kwenye sauti za kati. Ukipanga mbili mfululizo unachimba shimo juu ya shimo, unapoteza ishara uliyoipandisha kwa shida, na volyumu ya trebo ya seti moja inaanza kugombana na ya nyingine. Ondoa moja. Katika ile inayobaki, weka swichi kwenye rezista inayolisha upande wa besi na midi, ichague kati ya kilo-omu 100, kama zilivyo amplifaya nyingi za Fender, na kilo-omu 33 za Marshall. Ya 33 hupunguza shimo na kulisogeza juu, gitaa likasikika mbele ya ngoma. Ya 100 huacha nafasi kwa waimbaji. Usijisumbue kutafuta mahali ambapo seti hii haibadilishi kitu, kwa maana mahali hapo hapapo, na volyumu zake zimeshikana kiasi kwamba ukizungusha trebo, kazi ya midi nayo inabadilika. Jifunze kuzigeuza zote tatu kwa pamoja ukisikiliza.

Kwa sauti safi, usijaribu kuishusha geini ya hatua nne hadi zitulie. Haitulii vizuri, na kelele ya hatua za mbele inabaki palepale. Chukua ishara baada ya hatua ya kwanza, ipitishe kwenye seti yake ndogo ya besi na trebo na volyumu yake, kisha nusu moja ya 12AX7 iikuze tena kabla ya kuifikisha kwenye volyumu kuu. Relei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ichague njia, na ile isiyotumika gridi yake ishushwe kwenye ethi, la sivyo distosheni itavuja chini chini wakati kwaya inaimba polepole. Hesabu ya valvu inakuwa hivi: 12AX7 mbili kwa hatua nne, ya tatu kwa njia safi, na nusu yake nyingine iisukume ishara kwenye seti ya vidhibiti bila kuikuza, ya nne igawe ishara kwa EL34. Kila 12AX7 huvuta ampia 0.3 kwenye hita (waya unaoipasha valvu moto) ya volti 6.3 na kila EL34 ampia 1.5, jumla ampia 4.2, kwa hiyo tafuta transfoma inayotoa angalau 5.

Vidhibiti viwili vya mwisho, presensi na rezonansi, haviko kwenye njia ya ishara. Vinakaa kwenye mrejesho hasi unaotoka kwenye transfoma ya spika kurudi nyuma, na vinapunguza mrejesho huo kwa sauti za juu au za chini tu, nazo zikaongezeka. Viweke vyote viwili. Rezonansi ndiyo itakayokurudishia ule uzito ulioukata mwanzoni.

Kuhusu uungaji wa waya nitasema yale yanayoua amplifaya za geini kubwa peke yake. Waya wa gridi ya kwanza uwe wenye wavu wa nje, kama ule wa maiki, na rezista yake ya kilo-omu 68 ilehemiwe kwenye pini ya soketi yenyewe, isikae kwenye jeki. Pikofaradi 1.6 hivi zilizo kati ya gridi na anodi ya 12AX7 huonekana kwa ishara kama 100, kwa sababu zinazidishwa na ukuzaji wa hatua, na pamoja na kilo-omu 68 hukata kuanzia hezi 23,000, juu ya sauti za gitaa lakini chini ya masafa ya redio. Ukiweka kilo-omu 470 mahali hapo, mkato unashuka hadi hezi 3,400 na gitaa linaziba. Rezista kubwa namna hiyo ina nafasi yake kwenye hatua ya tatu au ya nne, ambako ukali kidogo ukipungua hakuna atakayelalamika.

Amplifaya ikishawaka na kuanza kupiga mluzi wenyewe, usikimbilie kubadili vifaa. Chukua kijiti kikavu cha mshikaki, kile cha mwanzi, weka mkono mwingine mfukoni, kisha kwa ncha yake usogeze waya mmoja mmoja huku geini ikiwa juu. Utaufikia mmoja, mara nyingi wa anodi ya hatua ya nne uliopita karibu na gridi ya pili, ambao ukiusukuma nusu sentimita mluzi unapanda, na ukiusukuma upande wa pili unanyamaza. Hapo ndipo unapoufunga. Nimeona watu wakinunua 12AX7 mpya tatu kwa tatizo ambalo kijiti cha mshikaki kingelimaliza.

Transfoma ya binamu yako, naomba uisome vizuri ubavuni. Ikiwa imeandikwa 50/60, inaweza kutumika nyuma ya kishusha volti cha kutoa 120. Ikiwa imeandikwa hezi 60 tu, iache. Kishusha volti hubadilisha volti, hakibadilishi hezi, na umeme wetu ni wa hezi 50. Chuma cha transfoma hubeba sumaku kwa uwiano wa volti kwa hezi: 120 kwa 60 ni 2, lakini 120 kwa 50 ni 2.4, asilimia 20 zaidi, na transfoma iliyosanifiwa bila akiba itavuma na kuunguza mikono. Ukiishusha hadi volti 100 ili uwiano urudi kuwa 2, hita zako za volti 6.3 zitapata 5.25, ambazo hazitoshi. Agiza yenye volti 230 au 240 upande wa kuingilia. Mafundi wengi wa kaskazini huagiza vifaa Kariakoo au Nairobi, mtaa wa Luthuli, vikapita Namanga. Kwa transfoma za valvu huenda ukalazimika kuagiza mbali zaidi, na uzito wake ndio utakaokula nauli. Kapasita za volti kubwa usizing'oe kwenye televisheni za chogo. Nyingi zimekauka, hata zisizovimba kichwani.

Volti zetu hupanda na kushuka, nawe huna haja ya kuogopa kila mtikisiko. Hita za valvu huvumilia asilimia 10 juu na chini, ambayo kwa transfoma ya 230 ni kati ya volti 207 na 253. Nje ya hapo tumia stabilaiza, ya VA 500 inatosha. Inveta ya kanisani iwe ya wimbi laini. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi huingiza mkwaruzo kwenye amplifaya ya geini kubwa ambao hakuna waya wa ethi utakaouondoa. Na ethi yenyewe ihakikishe: pima kati ya laini na ethi ya soketi, kipimo kiwe karibu sawa na kile cha laini na nyutro. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilokwenda popote, na chesisi ya chuma yenye volti 450 ndani yake haistahili kuwashwa kwenye soketi ya namna hiyo.

Kapasita za kuchujia za mikrofaradi 100 kwa jumla, zikiwa na volti 450, hushikilia nishati ya juli 10 hata plagi ikiwa imechomolewa. Unganisha rezista ya kilo-omu 220, wati 3, sambamba nazo moja kwa moja. Ndani ya dakika mbili zitakuwa tupu. Hata hivyo pima kwanza kabla ya kugusa, kila mara, kwa kuwa rezista nayo hukatika.

Siku ya kuwasha, pitisha umeme kwenye glopu ya zamani ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo, na EL34 zikiwa nje ya soketi. Ikiwaka sana kisha ikafifia, endelea; ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Spika ya omu sahihi iwe imeunganishwa tangu mwanzo, na iwe spika ya gitaa, maana hiyo hupunguza sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, wakati spika ya kanisa yenye honi itaifanya distosheni yako nzuri isikike kama nyuki. Mambo yakiwa sawa, ondoa glopu na urudishe EL34. Weka rezista ya omu 1 kwenye kathodi ya kila moja: kwa volti 450 utafute milivolti 39 au pungufu kidogo, ambazo ni miliampia 39, asilimia 70 ya wati 25 ambazo valvu hiyo inaruhusiwa kuunguza.

Ukifika hapo, niandikie volti za kila pini ya 12AX7. Kwa ugavi wa volti 300, hatua za kawaida zinapaswa kuonyesha karibu 200 kwenye anodi na 1.5 kwenye kathodi, na ile hatua baridi itaonyesha anodi iliyo karibu zaidi na ugavi. Ukikuta anodi yenye volti zilezile za ugavi na kathodi ni sifuri, valvu haipitishi mkondo: angalia hita kwanza, kisha valvu yenyewe.